Siku ya Kutia Majina

Kabati la chuma halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, likafungwa tena kwa ufunguo, na aliyelifunga alikuwa na adabu ya kurudisha kile kitambaa cha maua kilichokuwa juu yake. Ila gombo halikuwemo.

Inspekta alipiga magoti mbele ya kabati hilo kwa mara ya tatu tangu Jumanne, magoti yakalia kama mlango wa zamani. Leo ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Saa nane mchana binti mmoja angepandishwa kizimbani kusomewa mashtaka mawili: kuiba gombo la kale la sinagogi, na kumjeruhi mjomba wake kichwani. Hati ya mashtaka ilikuwa imeshachapwa. Ilibaki sahihi moja tu, ya Inspekta mwenyewe.

"Ukitia sahihi tumemaliza, Afande," alisema Koplo kutoka mlangoni. "Ufunguo wa akiba tumeukuta kwenye mkoba wake. Mikono ina wino. Mshona viatu wa chini amemwona akishuka ngazi mbio, saa sita kasorobo."

"Anayekimbia kutafuta msaada hushuka ngazi vipi, Koplo? Kwa maringo?"

Koplo akakohoa, akatazama viatu vyake.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu cha ghorofa ya kwanza, chenye mafundi wawili waliogawana kodi na mwanga. Upande wa mlango palikuwa na meza ya fundi wa kujalidi vitabu, mtaa mzima ukimwita Fundi Gundi: mashine ya kubania vitabu, makopo ya gundi, mabunda ya ngozi za kufunikia majalada yamesimamishwa ukutani. Upande wa dirisha palikuwa na meza ya mteremko ya mzee waliyemwita Manyoya, kwa sababu ya kalamu zake za manyoya ya bata mzinga. Mzee Manyoya alikuwa mnukuzi. Kazi yake ilikuwa kunakili maandiko ya Kiebrania kwa mkono, herufi kwa herufi, juu ya ngozi nyembamba iliyolainishwa. Watu wa sinagogi walimletea na magombo yao yaliyochakaa ayatengeneze, na hilo lililopotea lilikuwa la kale kuliko yote waliyonayo.

Sasa mzee, mjomba wa yule binti, alikuwa amelazwa hospitali, kichwa kimefungwa bandeji, hasemi. Daktari alisema ataamka. Hakusema lini.

Inspekta akainuka, akaenda dirishani. Mezani ilikuwa imebaki ngozi moja tu, ile ile iliyokuwapo mzee alipokutwa sakafuni. Safu mbili za maandishi zilikuwa zimekamilika, ya tatu imefika nusu, na pembeni kulikuwa na tone la wino lililoanguka likakauka kama mbegu ya papai. Kando yake kulikuwa na kisanduku cha mbao. Akakifungua. Ndani, peke yake, kulikuwa na unyoya mmoja uliofungwa uzi mwekundu. Ulikuwa haujachongwa hata ncha.

"Na hii hapa, Afande, ndiyo siri yenyewe." Koplo alikuwa amesimama mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani, kidole hewani. "Orodha ya maneno ya Kiebrania, na mbele ya kila neno vijistari. Vinne, viwili, kimoja, saba. Hizi ni namba za siri. Nimezijaribu kwenye sanduku lake la safari."

"Likafunguka?"

"Bado."

"Nani kakuruhusu?"

Koplo akaona ni heri atazame tena viatu.

Ngazi zikalia. Fundi Gundi aliingia, mtu mnene mwenye aproni iliyokakamaa, akawasalimia wote wawili kwa heshima, akamuuliza Inspekta kama mzee ameamka. Alipoambiwa bado, akatikisa kichwa kwa huzuni na kuwasha jiko la kuyeyushia gundi.

"Nisimulie tena ile Jumanne," Inspekta alisema. "Nimezeeka, mambo yananitoka."

"Wewe? Hujazeeka wewe, mama." Akavuta kigoda. "Jumanne ilikuwa siku yake ya Majina. Kila Jumanne, miaka yote niliyokaa naye humu. Maana yeye wiki nzima akiandika, akifika penye Jina la Mungu haliandiki. Analiruka, anaacha nafasi. Halafu Jumanne anaoga kwenye lile birika la maji ya mvua kule nyuma, anavaa shati safi, anachonga unyoya mpya, anakaa kuzijaza zile nafasi zote kwa mkupuo mmoja. Hapo hata ukimwambia nyumba inaungua hakujibu mpaka Jina liishe."

"Na juzi?"

"Juzi vile vile. Alitoka birikani maji yanamchuruzika shingoni. Saa nne akakaa pale, akaanza kutia Majina. Mimi nilikuwa hapa hapa, hatua sita. Ilipofika saa tano kasoro dakika tano nikamuaga, hakuitika, alikuwa katikati ya Jina. Akainua kidole tu, hivi. Nikajitwika bunda langu la ngozi nikaenda kwa mchapaji. Nikakaa huko mpaka saa saba. Muulizeni."

"Tumemuuliza. Ulikuwa huko."

"Basi." Akakoroga gundi. "Mimi yule binti simchukii. Nampa hata chai. Lakini aliyekuja baada yangu ni yeye."

Hapo ndipo kesi yote iliponing'inia, kwenye saa tano. Binti alikuwa zahanati akimchukulia mjomba dawa, na kadi yake ilikuwa na muhuri: saa tatu na nusu kaingia, saa tano kamili katoka. Kama mzee alianguka kabla ya saa tano, binti hahusiki. Kama alikuwa hai na mzima saa tano kasoro tano, anatia Majina, basi aliyebaki ni binti na ngazi zake.

"Umesimulia vizuri," Inspekta alisema. "Nitarudi uandike maelezo, uweke na sahihi."

"Wakati wowote, mama."

Kabla ya kushuka, Inspekta aliichomoa ile karatasi ukutani akaikunja mara mbili.

*

Mahabusu ya wanawake ilikuwa na benchi moja na dirisha la juu lisilofikiwa. Binti alisimama alipomwona Inspekta. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitano, nywele amezifunga kwa kipande cha khanga, vidole vyeusi mpaka kwenye viungo kwa wino aliokuwa akimchanganyia mjomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mjomba vipi?"

"Anapumua vizuri. Keti." Inspekta akakaa benchi ile ile, bega kwa bega, akaikunjua karatasi magotini. Koplo alibaki amesimama na daftari lake. "Huyu Koplo wangu anasema hizi ni namba za siri. Amejaribu kufungulia sanduku la mjomba wako la safari."

Binti akamtazama Koplo. "Lile halijafungwa, Afande. Kitasa kimekufa. Unasukuma kulia."

Koplo akaandika kitu daftarini ambacho hakikuwa na haja ya kuandikwa.

"Hii ni karatasi ya kazi," binti akasema. "Kila mstari ni wiki moja. Mjomba akiruka Jina, anachora kijistari, ili Jumanne asisahau nafasi hata moja. Na kwa kuwa Majina ni mengi, kila Jina lina safu yake. Akikosea akatia hili mahali pa lile, ngozi nzima inastaafu. Hafuti. Jina likishaandikwa halifutwi, halikwanguliwi kwa kisu. Anaiweka ngozi kwenye mtungi, na mtungi ukijaa wanauzika makaburini kama mtu."

"Kumbe Majina ni mengi. Mimi najua Mungu."

"Kila moja lina lake ndani, mama. Mjomba alinifundisha kwa vitendawili. Nilikuwa sishiki vinginevyo."

"Nitegee."

Binti akamwangalia kama anayepima mzaha. Inspekta alikuwa hafanyi mzaha. Alikuwa amekunja mikono kama mtoto wa darasa la pili anayesubiri zamu yake.

"Jana yupo, leo yupo, kesho amefika kabla yako."

"Huyo nimeshindwa."

"Ni Jina la herufi nne. Hili halitamkwi. Ukilifikia unaposoma, unasema Bwana, unapita. Wazee wanasema humo ndani mmekaa alikuwa, yupo, na atakuwa, zote tatu kwa pamoja. Na likitokea hilo, anakuja na huruma." Kidole chake cheusi kikasogea safu ya pili. "Umbo la wengi, kazi ya mmoja."

"Serikali," akasema Koplo.

Binti akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. "Elohimu. Neno lina umbo la wengi, ila atendaye ni mmoja. Hilo ni Jina la hukumu. Likitokea hilo, jua ameketi kuamua. Hili la tatu: dunia ilikuwa inatanuka, inatanuka, nani aliiambia basi?"

"Yeye."

"Ndiyo Shadai. Mjomba anasema wahenga wao walisikia humo neno inatosha. Na hili la mwisho lina kijistari kimoja tu, halitokei mara nyingi. Mtumwa alimpa Bwana jina. Nani?"

"Hebu nikupe mji," Inspekta akasema.

"Alikuwa mjakazi, mjamzito, amekimbia mateso ya bibi yake, yuko jangwani penye maji. Malaika akamsemesha. Yule mjakazi ndiye akampa Mungu jina, El Roi. Mungu anionaye." Akakigusa kijistari chake. "Hilo ndilo nililolipenda mimi."

Inspekta alikuwa anatazama mwisho wa karatasi. Mistari ya wiki ilishuka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na vijistari vyake. Wa mwisho, wiki hii, ulikuwa na maneno mawili ya Kiebrania pembeni na baada ya hapo weupe mtupu.

"Koplo anadhani huu haukumaliziwa."

"Umemaliziwa. Wiki hii mjomba alikuwa anaandika gombo la yule malkia, yatima aliyeolewa na mfalme akaokoa watu wake. Linasomwa mara moja kwa mwaka, wameliagiza jipya."

"Mbona vijistari hakuna?"

"Na hicho nacho ni kitendawili, mama. Mwenye nyumba hatajwi sebuleni wala jikoni, na kila mlango unafunguliwa na yeye."

Inspekta aligeuka taratibu. "Hatajwi hata mara moja?"

"Hata mara moja. Gombo zima. Ndilo peke yake analoandika mjomba moja kwa moja bila kuruka. Mjomba husema humo Mungu amejificha nyuma ya pazia, kazi yake unaiona na sura yake huioni. Kwa hiyo kwa gombo la malkia hakuna Jumanne. Haogi, hachongi unyoya. Anaandika tu kama siku nyingine."

Kalamu ya Koplo ilikuwa imesimama.

"Mwanangu," Inspekta akasema, "kuna mtu yeyote uliyemwambia hili tangu ukamatwe?"

"Nani aniulize? Wote wananiuliza ufunguo, kana kwamba si mjomba aliyenipa."

*

Neno la mshitakiwa halitoshi kumtoa mshitakiwa, hata likiwa tamu. Inspekta alilijua hilo tangu akiwa na cheo cha Koplo. Alirudi karakana akaichukua ile ngozi katikati ya mbao mbili safi bila kuigusa kwa mikono, na saa tano kasoro robo alikuwa kwenye ofisi ndogo nyuma ya sinagogi, mbele ya mzee mrefu aliyekuwa mtunza nyumba ile. Ndiye aliyefungua jalada polisi. Ndiye aliyeleta gombo la kale litengenezwe, na ndiye aliyesema jina la binti kabla polisi hawajauliza.

"Umekuja kumtafutia njia ya kutoka," alisema Mtunza.

"Nimekuja kulitafuta gombo lako. Nikikosea mtu, gombo linakwenda zake na mtu mwingine. Nisomee hii ngozi."

Mtunza akanawa mikono, akavaa miwani juu ya miwani, akainama. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Alipofika kwenye tone la wino akasitasita, akaendelea.

"Mkono wa Manyoya huu. Siku hizi unatetemeka kidogo, lakini ni wake. Gombo la malkia."

"Humo kuna Jina la Mungu mara ngapi?"

"Hakuna."

"Angalia tena."

"Afande, gombo hili nalisoma kwa sauti kila mwaka tangu sauti yangu ilipovunjika. Hakuna. Wapo wenye kulitafuta kwa herufi za mwanzo wa maneno, wanasema limefichwa humo kama uzi kwenye pindo. Wanaweza kuwa sawa. Lakini la kuandikwa kwa kalamu, la kukaa kwenye nafasi yake, halimo."

"Na kuna nafasi yoyote iliyoachwa, ikajazwa baadaye?"

Akaiinua ngozi dhidi ya dirisha, akaitazama kwa nyuma, mwanga ukipita. "Wino ni wa mfululizo. Unapauka anapomaliza unyoya, unakolea anapochovya. Angekuwa amejaza baadaye, ningeona doa jeusi katikati ya mpauko." Akaishusha. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu kuna mtu anayesema alimwona akitia Majina humo."

Mtunza akavua miwani ya kwanza. Halafu ya pili.

"Njoo nami," Inspekta akasema. "Utakaa nje ya mlango mpaka nikuite. Usikohoe."

*

Fundi Gundi alikuwa anabana kitabu. Inspekta aliomba radhi kwa usumbufu, akaomba maelezo yaandikwe rasmi, maana mkubwa wake anapenda karatasi. Koplo akakaa, akafungua daftari. Mezani kwa Manyoya ngozi ilikuwa imerudi mahali pake.

"Twende pole pole, mkono wa Koplo si mwepesi. Saa nne alikuwa akifanya nini?"

"Ameshaoga, anatia Majina."

"Kwenye ngozi gani? Maana mzee ana ngozi nyingi."

"Hii hapa. Mezani palikuwa na hii tu."

"Una hakika? Usije ukachanganya na ya wiki iliyopita."

Fundi akacheka, akasogea kuikaribia, akanyoosha kidole. "Mama, hili tone mimi nililiona likidondoka. Alichovya sana. Akaguna. Ni hii."

"Andika, Koplo. Na Majina alitia mangapi, kwa kukisia tu?"

"Sikuhesabu. Sita. Saba. Alikuwa anatia, anapumzika, anatia."

"Kwa unyoya mpya?"

"Ule wa uzi mwekundu, wa siku zote."

"Andika." Inspekta akasubiri mpaka kalamu iliponyamaza. "Usome mwenyewe, fundi. Kama kuna neno si lako, likate."

Fundi akasoma. Hakukata neno. Akatia sahihi kila ukurasa, mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kuandika migongo ya vitabu.

Inspekta akaikausha sahihi kwa kuipulizia. "Mzee, karibu ndani."

Mtunza aliingia akainama kwenye mlango mfupi. Fundi Gundi akamwamkia. Mtunza hakuitika.

"Mwambie kuhusu ngozi hii," Inspekta akasema.

"Hili ni gombo la malkia," Mtunza akasema. "Halina Jina. Wala la huruma, wala la hukumu, wala lolote. Mnukuzi hana cha kuruka, hana cha kujaza."

Fundi akapunguza moto wa gundi.

"Labda nimechanganya," Fundi akasema. "Labda ni Jumanne ile nyingine."

"Tone ulilionaje likidondoka Jumanne ile nyingine, kwenye ngozi iliyoanzwa wiki hii?"

"Basi alikuwa anaandika tu, nikadhani ni Majina."

"Na maji yalimchuruzika shingoni kwa kuandika tu?" Inspekta akafungua kile kisanduku cha mbao, akamwonyesha unyoya wenye uzi mwekundu, butu, mweupe, haujawahi kuonja wino. "Miaka yote umekaa naye hatua sita. Umejua anaoga, umejua anainua kidole, umejua na rangi ya uzi. Ulilokuwa hujui ni anaandika nini. Ulihitaji mzee awe hai mpaka saa tano kasoro tano, ukampa kazi yake ya Jumanne. Juzi hakuwa na kazi hiyo. Saa nne na dakika zake hakuwa anatia Jina, alikuwa sakafuni."

Fundi Gundi akakaa kwenye kigoda chake, ambacho kilikuwa mbali kidogo kuliko alivyodhani, nusura akikose.

"Mimi sikumpiga," akasema. "Andika hivyo. Sikumpiga. Alikuta nimefungua kabati. Akanishika mkono. Nikamsukuma anipishe, akaenda na kona ya meza."

"Ufunguo?"

"Wake mwenyewe. Huuacha droo anapokwenda msalani."

"Ukaona damu, ukalifunga kabati ukarudisha kitambaa."

"Nilichanganyikiwa."

"Ulitulia kuliko mimi. Na gombo?"

Fundi akatazama mabunda yake ya ngozi ukutani, halafu kwa haraka akatazama kwingine. Inspekta hakuhangaika hata kuyasogelea.

"Hapo halipo, usinichoshe," akasema. "Uliondoka na bunda begani kwenda kwa mchapaji. Mchapaji anasema alikupa kurasa za kujalidi, hakusema alikuagiza ngozi. Koplo, nenda. Mwambie fundi ameomba bunda lake. Usilikunjue. Likija hapa, mzee huyu ndiye atakayelikunjua, baada ya kunawa."

"Kuna mtu alitaka kulinunua," Fundi akasema, sasa kwa sauti ya mtu anayezungumza na sakafu. "Mkusanyaji. Angekuja Ijumaa."

"Ijumaa tutampokea."

Koplo alirudi baada ya dakika thelathini na tano, jasho jembamba, amelikumbatia bunda kama mtoto mchanga. Ndani ya ngozi ya ng'ombe ya kujalidia kulikuwa na shuka, na ndani ya shuka gombo. Mtunza alinawa, akalikunjua kiasi cha kiganja kimoja, akaona mstari anaoujua, akalikunja. Kisha akaegemea ukuta.

Inspekta alitazama saa yake. Saa saba na dakika kumi. Akatoa ile hati ya mashtaka mfukoni, akaikata mstari kona hadi kona, akaandika chini yake kwa herufi kubwa, na hapo ndipo akatia sahihi.

*

Kituoni waliandika kuachiwa kwa binti katika kitabu cha mahabusu, wakamrudishia mkoba, kadi ya zahanati na chupa ya dawa. Aliihesabu dawa kwanza. Habari ya Fundi Gundi alielezwa na Inspekta mwenyewe, kwa maneno machache, akiwa amesimama kaunta. Binti hakulia. Aliuliza tu kama mtu yule alimwacha mjomba sakafuni na kwenda kukaa kwa mchapaji saa mbili, na alipojibiwa ndiyo, akafunga zipu ya mkoba.

Mtunza alikuwa kwenye benchi la wageni, gombo mapajani. Akainuka.

"Binti. Nimekukosea. Nilikutaja kabla sijaulizwa." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayetaka mambo yaishe hapo hapo kaunta. "Nisamehe."

"Nimekusamehe, babu," akasema binti. "Lakini leo saa nane watu wako wote wamekwenda mahakamani kuniona. Mshona viatu kaenda. Mama anayetuuzia maziwa kaenda."

"Nitawaambia mmoja mmoja."

"Mpaka uwamalize nitakuwa nimezeeka."

Mtunza akamtazama Inspekta, akitafuta msaada. Inspekta alikuwa anatafuta kitu muhimu sana ndani ya mkoba wake.

Saa nane kasoro dakika tatu walifika kwenye ukumbi wa mahakama. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya kungojea, wengine wamesimama, na alipopita binti minong'ono ikamfuata nyuma kama upindo wa gauni. Mwendesha mashtaka alikuwa na karatasi ya Inspekta mkononi na alishaisoma. Kesi ingeondolewa kwa maneno mawili mbele ya hakimu, na hakuna ambaye angesikia kwa nini.

Mtunza alimpa Inspekta gombo alishike, kwenye shuka lake. Kisha akasimama katikati ya ukumbi, akawataka watu wanyamaze kwa sauti ile ya kusomea, iliyozoea kufika mpaka kiti cha mwisho.

"Mnanijua," akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia ni huyu. Si huyu. Aliyefanya amepatikana, na huyu binti ndiye aliyetuonyesha njia ya kumpata. Mimi nilisema uongo nikidhani ni kweli, na niliusema kwa sauti. Ndiyo maana leo nasema hivi kwa sauti."

Akabaki amesimama hapo, asijue akae wapi. Mshona viatu akavua kofia. Mama wa maziwa akasogea kwenye benchi kumpa binti nafasi.

Binti hakukaa.

"Asanteni," akasema. "Mjomba wangu ananingoja."

Alishuka ngazi za mahakama mbio, chupa ya dawa mkononi, na safari hii hakuna aliyemhesabia saa.